Usajili, Alama na Asilimia

Anayeishi kwa kuandika programu huishi katikati ya namba. Asubuhi anafungua kompyuta na kukuta zimemtangulia: watumiaji wangapi walijisajili jana, seva ilijibu kwa muda gani, malipo mangapi yalikwama njiani. Akihamia kufundisha, zinamfuata kwa sura ya alama za mitihani. Akiingia kwenye utafiti, zinageuka asilimia kwenye jedwali la makala. Nimepita sehemu zote hizo: kampuni changa, darasa la chuo kikuu na utafiti wa teknolojia ya lugha. Kila sehemu niliikuta na namba yake kipenzi, ile inayotajwa kwanza vikaoni na kukolezwa wino kwenye ripoti. Na kila namba kipenzi, nilipoikagua kwa karibu, niliona wazee hawakukosea waliposema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Sisemi hivyo kwa kuzidharau namba. Bila namba hakuna uhandisi. Ninachosema ni kwamba namba inayopendwa na watu wa kazi fulani ndiyo hiyo hiyo wanayoona taabu kuihoji, kwa sababu mishahara, vyeo na heshima zao vimefungwa humo. Mara nyingi swali la kuihoji namba ya kazi moja nililipata kwenye kazi nyingine. Kumbukumbu hizi, basi, ni za mtu aliyehamahama, na faida aliyoiona katika kuhama.

Nilimaliza chuo mwaka 2009. Julai mwaka huo mkongo wa SEACOM ulianza kazi katika pwani yetu, na mwaka uliofuata ukaja EASSy. Waliokuwa wakitegemea setilaiti wanakumbuka hali ya kabla ya hapo: faili unaliacha lipakuliwe usiku kucha, asubuhi unakuta limekatikia njiani. Sasa kijana wa Dar es Salaam au Nairobi aliweza kuweka programu kwenye seva iliyoko Ulaya na ikamjibu papo kwa papo. M-Pesa ilikuwa imeanza Kenya Machi 2007 na kuingia Tanzania mwaka 2008. Ushahidi, programu ya kukusanya taarifa za wananchi kwenye ramani, iliyozaliwa Januari 2008 katikati ya machafuko ya baada ya uchaguzi wa Kenya, ilitumika hadi Haiti baada ya tetemeko la ardhi la Januari 2010. Mwaka huo huo iHub, kituo cha wabunifu wa teknolojia, ikafunguliwa Nairobi, kwenye barabara ya Ngong. Kwetu, vijana wakaanza kukusanyika katika jengo la Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, pale kituo cha Sayansi, Kijitonyama. Kila mwenye kompyuta alikuwa na wazo, na kila wazo lilikuwa linatafuta mfadhili.

Kampuni iliyoniajiri ilikuwa na wazo zuri: kumpelekea mkulima bei za mazao kwenye simu yake ya kawaida. Mtu wetu sokoni anatuma bei ya mahindi, maharage na viazi, mfumo unazipanga, mkulima anapiga namba ya nyota na reli, anachagua zao, anachagua soko, anapata jibu. Kazi yangu ilikuwa sehemu inayozungumza na mitambo ya makampuni ya simu. Ilinifundisha ubahili wa maneno. Ujumbe mmoja una herufi 160, na menyu ya nyota na reli haina subira: mkulima akikawia kuchagua, mtandao unamkatia na anaanza upya, huku salio limekwenda. Niliipunguza menyu ile neno kwa neno mpaka mtu aliweza kuifikia bei kabla ya kuchoka.

Imani yetu ilikuwa na msingi wa kitaaluma. Mwaka 2007 mchumi Robert Jensen alichapisha utafiti kuhusu wavuvi wa Kerala, India. Simu za mkononi zilipofika pwani ile kati ya 1997 na 2001, wavuvi walianza kupiga simu wakiwa bado baharini kuuliza soko lipi lina wanunuzi. Samaki wa kutupwa kwa kukosa mnunuzi wakaisha, faida ya wavuvi ikapanda kwa asilimia 8 na bei kwa mlaji ikashuka kwa asilimia 4. Utafiti ule ulitajwa katika kila andiko la mradi lililopita mezani kwetu. Kama wavuvi wa Kerala wamefaidika, wakulima wa Mbeya watashindwaje?

Namba kipenzi ya kampuni ilikuwa idadi ya waliosajiliwa. Ilikuwa kwenye skrini kubwa ukutani, ikipanda huku tunaitazama. Waliosajili walikuwa vijana wanaolipwa kwa kichwa, wakizunguka minadani na kwenye mikutano ya vijiji. Mwenye laini tatu alisajiliwa mara tatu. Mke na mume walisajiliwa kila mmoja na laini zake. Muuza vocha alisajiliwa kwa sababu alikuwa jirani na meza. Huwezi kusema kuna aliyeghushi, maana kila namba ilikuwa ya simu iliyo hai. Wawekezaji waliuliza idadi, nasi idadi tulikuwa nayo.

Ndani ya kanzidata palikuwa na namba nyingine ambayo haikupewa nafasi ukutani: kati ya hao wote, wangapi walirudi kuuliza bei wiki ya pili. Kuipata kulihitaji mstari mmoja tu wa amri. Jibu lilikuwa dogo kiasi kwamba mwenzangu mmoja aliniomba nikague kama amri nimeiandika sawasawa. Ilikuwa sawasawa.

Tukatumwa shambani kuangalia kulikoni. Ukitoka Uyole kupanda njia ya Tukuyu unaingia nchi ya viazi: ukungu asubuhi, udongo mweusi, magunia yamepangwa kandokando ya barabara yakisubiri malori ya Dar es Salaam. Nilimkuta mzee mmoja amekaa juu ya mzigo wake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Ninyi ndio wale wa bei za kwenye simu?"

"Ndiyo mzee. Mbona wengi wenu mlijiandikisha halafu hamzitumii?"

"Tuzitumieje? Simu inasema gunia. Gunia lipi?"

Akanyanyuka, akanionyesha. Gunia la mfumo wetu lilikuwa la kilo 100, kiwango cha juu kinachoruhusiwa kisheria. Gunia lililokuwa mbele yangu lilikuwa limejazwa mpaka mdomoni, kisha likavishwa kilemba cha viazi juu yake, kikashikwa kwa kamba zilizosokotwa kama wavu. Hiyo ndiyo lumbesa, ambayo Wakala wa Vipimo wamepambana nayo miaka nenda miaka rudi. Kenya nao walilazimika kutunga kanuni za viazi mwaka 2019 zinazotaka gunia lisizidi kilo 50. Mnunuzi hulipa kwa gunia, na ujazo wa gunia anauamua yeye. Bei yetu inaweza kuwa sahihi kabisa na bado isimwambie mkulima lolote kuhusu pesa atakayoshika.

Bei yenyewe alikwisha kuijua kabla ya ujumbe wetu. Madereva wa malori humwambia. Alichokosa ni mzani, usafiri, na pesa ya kumwezesha kusubiri. Mbolea alikopeshwa na mnunuzi yule yule tangu mwanzo wa msimu, na ada ya shule ilikuwa inadaiwa. "Bei ya Dar nikiijua," aliniambia, "ndiyo itanipeleka Dar?"

Baadaye watafiti walifika pale pale alipofika yule mzee. Mwaka 2012 Marcel Fafchamps na Bart Minten walichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika katika vijiji 100 vya Maharashtra, India hiyo hiyo ya Jensen. Wakulima waliopelekewa bei na taarifa za hali ya hewa kwenye simu hawakuonekana kuuza kwa bei bora kuliko wenzao. Utafiti wa Kerala haukuwa wa uongo. Ila mvuvi wa Kerala alikuwa na chombo chake, na akisikia bei nzuri aligeuza usukani. Mkulima wa Mbeya lori si lake.

Wakati huo huo mfano mwingine ulikuwa jirani kabisa, na wengi tuliusifu bila kuusoma vizuri. M-Pesa haikuanza kama huduma ya kutumiana pesa. Majaribio ya 2005, yaliyofanywa Kenya pamoja na taasisi ya mikopo ya Faulu, yalihusu kulipa marejesho ya mikopo midogo. Wateja walikuwa wachache. Waliosimamia waliwatazama wanafanya nini, wakaona mambo ambayo hayakupangwa: mtu anamtumia mwenzake pesa, mwingine anaweka pesa mahali pamoja na kuitoa kwingine ili asisafiri nayo mfukoni. Huduma ilipozinduliwa 2007, habari ya marejesho iliwekwa kando na Wakenya wakaambiwa watume pesa nyumbani. Biashara nzima ilitoka kwenye kutazama tabia za wachache. Sisi tulikuwa na wengi, na hatukuwa tunawatazama.

Kampuni ilifungwa fedha za mfadhili zilipokwisha. Siku hiyo idadi ya waliosajiliwa ilikuwa juu kuliko wakati mwingine wowote.

Kutoka hapo nikaenda kufundisha chuo kikuu. Wanaodhani ualimu ni mapumziko ya walioshindwa sokoni hawajasimama mbele ya ukumbi wa wanafunzi mia mbili, wengine wamekaa sakafuni, umeme unakatika katikati ya mfano. Wengi wao hawakuwahi kumiliki kompyuta kabla ya chuo. Walijifunza programu kwa daftari: wanaandika mistari kwa kalamu, wanaisoma usiku, kisha wanasubiri zamu ya maabara waone kama inafanya kazi.

Namba kipenzi ya chuo ni alama ya mwisho: 40 za kazi za muhula, 60 za mtihani. Ndiyo inayoamua nani anaendelea, nani ana sapu ya kurudia mtihani, nani amedisko na kuondolewa chuoni, na kwa mwenye mkopo wa serikali, kama bumu la kujikimu litaendelea kuingia. Kwa uzito huo, si ajabu wanafunzi wamejenga ustadi kamili wa kuitafuta. Yapo madesa, yaani mihtasari ya masomo na majibu, yanayorithishwa mwaka hadi mwaka na kutolewa kopi kwenye vibanda vya nje ya geti. Ipo mitihani ya zamani, iliyohifadhiwa kwa uangalifu ambao maktaba ingeuonea wivu. Ukijua mhadhiri fulani hupenda swali la kupanga namba kutoka ndogo hadi kubwa, unaikariri programu hiyo nukta kwa nukta, unaingia kwenye chumba cha mtihani na kuimwaga. A hiyo hapo.

Nilimwita ofisini kijana mmoja mwenye A ya namna hiyo. Nikaweka programu yake kwenye kompyuta, ikafanya kazi bila kosa. Nikamwambia: "Hii inapanga kuanzia namba ndogo. Ibadilishe ianzie kubwa." Lilikuwa jambo la kugeuza alama moja tu, ile ya kulinganisha namba mbili. Aliitazama skrini kwa muda mrefu, kisha akasema kwa heshima, "Mwalimu, hiyo hatukufundishwa." Kijana yule hakuwa mvivu wala mzito wa kichwa. Alijibu kikamilifu swali aliloulizwa na chuo, nalo lilikuwa swali la kukumbuka.

Darasa lile lile lilikuwa na binti aliyepata C. Mama yake alikuwa katibu wa kikundi cha VICOBA, cha kuweka na kukopa, huko Mbagala, na daftari la kikundi lilizua ugomvi kila ulipofika wakati wa kugawana. Binti akamwandikia mama yake programu: hisa za kila mwanachama, mikopo na marejesho, faini za kuchelewa, mfuko wa jamii. Alinionyesha kwa kusitasita, akiomba radhi kwamba haina rangi nzuri. Mimi nilivutwa na jambo lingine. Programu yake haikuruhusu mtu kufuta muamala. Ukikosea, unaandika muamala wa pili wa kurekebisha, na ule wa kwanza unabaki unaonekana. Nilimuuliza nani alimfundisha hivyo.

"Hakuna, mwalimu. Wamama walisema wakiona kitu kimefutika, hawataiamini tena."

Wajenzi wa mifumo ya benki hulipwa vizuri kwa kuijua kanuni hiyo. Yeye aliipata kwa kukaa na wamama wa kikundi na kuwasikiliza wakibishana. Mtihani wetu haukuwa na swali hata moja la kuipima.

Hapo ndipo nililichukua lile swali la kwenye kanzidata na kuliingiza darasani. Kampuni niliiuliza: nani alirudi wiki ya pili? Darasa nikaliuliza: wiki moja baada ya kukabidhi kazi, mwanafunzi anaweza kuifanyia nini programu yake mwenyewe? Nikaweka utaratibu wa kila mtu kuitetea kazi ya muhula mbele ya kompyuta. Ninaomba badiliko dogo, analifanya nikiwa nimekaa pembeni yake. Badiliko halifanani kwa watu wawili, hivyo desa halimsaidii mtu. Kwa darasa kubwa kazi hiyo ilinimalizia jioni zangu, mpaka nikawafundisha wanafunzi wa mwaka wa tatu kunisaidia, nao wakaniambia wamejifunza zaidi kwa kuuliza kuliko walivyojifunza kwa kujibu.

Alama zilishuka. Mkuu wa idara akaniita. "Ndugu yangu," akasema, "mwaka jana walifaulu vizuri tu. Umewafanya nini?" Nilimwomba aje kukaa kwenye utetezi mmoja kabla ya kuamua. Alikuja, akakaa mpaka mwisho, akauliza na maswali yake mawili matatu. Mtihani wa karatasi haukufutwa, kwa kuwa kanuni za chuo haziandikwi na mwalimu mmoja, lakini utetezi uliachwa uendelee na ukapewa uzito kwenye zile alama 40.

Ualimu pia ulibadili namna ninavyoandika programu. Ukijua kwamba msimbo wako utasomwa na mtu wa mwaka wa kwanza, unaacha ujanja. Majina unayapa vitu kwa kazi vinazofanya, sehemu ndefu unaikata. Nilikuja kuona kwamba msimbo ambao mwanafunzi hauelewi ni ule ule ambao mwandishi wake mwenyewe atausahau kabla mwaka haujaisha. Sikuwa wa kwanza kuona faida ya kuwa na mguu huku na mguu kule. Fred Brooks alisimamia ujenzi wa mfumo wa OS/360 wa IBM, kisha akaanzisha idara ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha North Carolina mwaka 1964. Kitabu chake cha 1975 kilieleza kwamba ukiongeza watu kwenye mradi wa programu uliochelewa, unauchelewesha zaidi. Kiwandani aliliona jambo hilo likitokea. Uprofesa ukampa nafasi ya kulieleza.

Utafiti ulinijia kupitia lugha yetu. Kiswahili na kompyuta vina historia ndefu kuliko vijana wengi wanavyodhani. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alikuwa akiandika programu za kuchambua maneno ya Kiswahili tangu miaka ya 1980. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Kisha mashine zinazojifunza kutokana na data zikabadili mchezo. Agosti 2019 mkutano wa Deep Learning Indaba ulifanyika Chuo Kikuu cha Kenyatta, Nairobi, na mwaka huo huo ikaanza Masakhane, jumuiya ya watafiti wa lugha za Kiafrika. Mwaka 2021 jumuiya hiyo ilichapisha MasakhaNER, data ya kutambua majina ya watu, mahali na taasisi katika lugha 10, Kiswahili kikiwemo. Mozilla nao wakafungua mlango wa Kiswahili katika Common Voice, ambako watu wa kujitolea husoma sentensi kwa sauti na wengine husikiliza kuthibitisha. Nilijiunga na kikundi kilichokuwa kikifundisha kompyuta kusikia Kiswahili na kukiandika.

Namba kipenzi huku ni kiwango cha makosa ya maneno. Unaandika kwa mkono kilichosemwa, unalinganisha na kilichoandikwa na mashine, unahesabu maneno yaliyobadilishwa, yaliyorukwa na yaliyochomekwa, unagawa kwa idadi ya maneno yaliyosemwa. Ikishuka kuliko ya waliotangulia, makala ina nafasi ya kupita. Tatizo ni kwamba kipimo hicho hulipa kila neno uzito sawa, na kitenzi cha Kiswahili hakina uzito sawa na neno lolote. Hubeba mtenda, wakati, mtendewa, na kama jambo limekuwa au halikuwa. Chukua mwenye duka anayesema, "Wateja hawajatulipa." Mashine ikiandika "Wateja hawatatulipa," kipimo kinahesabu neno moja limekosewa, sawa kabisa na kukosea "na" au "ya". Ukihesabu kwa herufi, ni herufi moja. Lakini anayesoma sentensi ya kwanza atapiga simu ya kukumbusha deni, na anayesoma ya pili ataanza kufikiria kwenda kwa mtendaji wa mtaa.

Dosari nyingine ilikuwa kwenye sauti zenyewe. Rekodi zetu zilisomwa na wanafunzi wa chuo, ndani ya chumba tulivu, sentensi zikitoka kwenye skrini. Siku moja kwenye kikao mwenzetu mmoja aliuliza waliomo kwenye sehemu ya majaribio ni akina nani. Sentensi zilikuwa mpya, lakini sauti zilikuwa za watu wale wale ambao mashine ilifundishwa kwao. Niliyetoka darasani sikuhitaji maelezo marefu: huo ulikuwa mtihani uliotungwa kutoka kwenye madesa. Tukagawa data upya ili msemaji aliyetumika kufundishia asionekane kwenye jaribio. Makosa yakapanda mara moja.

Kisha tukabeba simu na kwenda Kariakoo, mtaa wa Kongo, ambako honi, spika za wauza nguo na watu watatu wanaoongea kwa pamoja ndio utulivu wa kawaida. Mashine iliyosomeshwa "shilingi elfu moja na mia tano" haikujua "buku jero" ni kitu gani. Muuzaji aliposema bei ni msimbazi, akimaanisha noti ya elfu kumi, iliandikwa kwa herufi kubwa kama jina la mtaa. Na kweli mtaa wa Msimbazi upo hapo karibu. Nairobi mashine hiyo ingekutana na "soo" na "thao". Lubumbashi na Bukavu ingekuta wasemaji wa Kiswahili wanaotaja kiasi cha pesa kwa Kifaransa bila kusita. Wote hao ni wasemaji wa Kiswahili wa kila siku, na hakuna aliyekuwa ndani ya asilimia yetu.

Tulichofanya ni kuchapisha majedwali mawili. La kwanza lilikuwa na kipimo kinachotarajiwa na majarida. La pili liliuliza jambo moja: katika mazungumzo ya dukani, kiasi cha pesa kimeandikwa sawasawa au hapana? Jedwali la pili halikupendeza. Mhakiki mmoja alituuliza kwa nini tumejidhalilisha. Mwingine aliandika kwamba hilo ndilo jedwali pekee lililomfaa.

Utafiti nao ulinipa kitu ambacho kampuni na darasa havikuwa navyo: desturi ya kueleza ulichofanya kwa undani ili mtu usiyemjua akirudie, akubali au akukatae. Kama kampuni yetu ya bei ingechagua vijiji kwa bahati nasibu, nusu wapate ujumbe na nusu wasubiri, ukweli wa lumbesa ungejulikana msimu wa kwanza, fedha zikiwa bado zipo. Pengine tungeishia kuuza mizani.

Tangu ChatGPT itolewe Novemba 2022, ninaulizwa na wanafunzi kama kazi yetu imekwisha, maana sasa mashine zinaandika programu. Ninachokiona ni namba mpya kipenzi imezaliwa: wingi wa msimbo unaozalishwa, na uchache wa saa zilizotumika. Maswali ya kuihoji ni yale yale. Nani analipwa namba hii ikipanda? Ipo namba ipi pembeni yake ambayo haijawekwa ukutani? Na aliyeikabidhi kazi hiyo, ukimwomba badiliko dogo mbele yako, ataweza? Mashine imeandika msimbo, lakini wa kukaa na wamama wa VICOBA na kusikia kwa nini muamala usifutwe bado ni wewe.

Kwa anayeanza safari hii, ushauri wangu ni mmoja: kabla hujaitangaza namba yako, mtafute mtu wa kazi nyingine aikague. Mwenye kampuni amwite mtafiti. Mtafiti aende sokoni. Mwalimu amwombe mwajiri akae na wanafunzi wake. Vyuo vyetu huwapeleka wanafunzi kwenye mafunzo kwa vitendo kila mwaka, huku mhadhiri anaweza kufundisha mpaka kustaafu bila kukanyaga ofisi inayotumia anachofundisha, kwa kuwa kupanda cheo kunahesabiwa kwa makala alizochapisha. Kanuni hiyo inaweza kubadilishwa. Muda wa mhadhiri kufanya kazi nje uhesabiwe kwenye cheo chake, mfumo aliousaidia ukatumika na watu uhesabiwe pamoja na makala, na kampuni zifungue milango kwao kama zinavyowafungulia wanafunzi. Tuanzie hapo.